Uzi: Plagi kuingia kwenye tundu si ruhusa ya kuwasha. Vifaa vya Japani, Marekani na Kanada kwenye umeme wetu wa volti 230

Fundi_Mlandege

Assalaam alaykum wana ukumbi.

Nafungua uzi huu kwa sababu vinaungua vitu vizima, visivyo na kasoro hata moja. Vinaungua siku ile ile vinapotolewa kwenye boksi, kwa jambo ambalo mtu angeligundua kwa kukigeuza kifaa na kusoma mstari mmoja nyuma yake. Vingi ni vitu vya mtumba vya Japani vinavyoshuka na makontena, na zawadi ambazo ndugu zetu wa Marekani na Kanada wanazituma kwa mapenzi makubwa. Inaniuma kuona jasho la mtu linatoka moshi kwa sekunde tano.

Kwanza tujue tulichonacho majumbani. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa kila sekunde. Unguja unatufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba tangu 2010 wanaupata kwa waya wa baharini kutoka Tanga. Kwa hiyo anayedhani Pemba kuna umeme wa aina nyingine, hakuna. Oman, Imarati, Uingereza na India umeme wao ni wa jamaa na huu wetu, China wako kwenye 220, na Ulaya ni 230. Kifaa cha huko kinaweza kukusumbua plagi tu.

Balaa liko kwa Marekani na Kanada, ambao wako kwenye volti 120 na Hz 60, na zaidi kwa Japani, volti 100. Japani wana jambo lao jengine: nusu ya nchi, upande wa Tokyo, ni Hz 50, na upande wa Osaka ni Hz 60. Tokyo walinunua mitambo ya Kijerumani mwaka 1895, Osaka wakachukua ya Kimarekani mwaka uliofuata, na mpaka leo nchi moja ina umeme wa namna mbili.

Sasa, kwa nini vitu vinaungua zaidi kwetu wakati plagi ya Japani na Marekani ni ya vijiti viwili bapa, na tundu la ukutani kwetu ni la matundu matatu ya pembe nne? Plagi ile ilitakiwa igome kuingia, na kugoma kwake kungekuwa onyo. Tumeliua onyo hilo wenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni zile ekstensheni za rahisi zenye matundu yanayomeza kila plagi ya dunia hii. Ya pili ni ule mtindo wa kuchokonoa tundu la juu kwa ncha ya kalamu ili vile vifuniko vya ndani vifunguke, kisha unasukuma plagi ya vijiti viwili mpaka ikae. Tundu lile la juu ni la waya wa ardhi, na kile kifuniko kimewekwa kumlinda mtoto. Ukishazoea kukifungua kwa kalamu, hakuna tena kitu cha kukusimamisha.

Adapta ya plagi pia haibadilishi volti. Inabadilisha umbo la vijiti, basi. Volti 230 zinapita ndani yake kama zilivyotoka ukutani.

Kitu cha kutazama ni kibandiko. Kitafute nyuma au chini ya kifaa, au kwenye chaja yenyewe, pale palipoandikwa INPUT. Ukikuta "100-240V ~ 50/60Hz" mshukuru Mungu, kifaa hicho kinakubali umeme wa karibu nchi zote. Tafuta adapta ya plagi uendelee na mambo yako. Chaja za simu, za kompyuta mpakato, za kamera na tableti za siku hizi karibu zote ziko hivyo. Ukikuta "100V" pekee, au "120V 60Hz" pekee, usichomeke. Hata kwa kujaribu. Hata kwa sekunde moja.

Na angalieni neno OUTPUT lisiwachanganye. Chaja inaweza kuandikwa OUTPUT 5V au 19V, hiyo ni inayotoka kwenda kwenye kifaa. Sisi shida yetu ni inayoingia.

Vitu vya joto ndivyo vinavyokufa vibaya zaidi: birika la umeme, pasi, sufuria la wali la umeme, draya ya nywele, tosta. Hesabu yake hii hapa. Waya wa joto ukiupa volti mara mbili, moto wake hauzidi mara mbili, unazidi mara nne, kwa sababu volti zinapopanda na mkondo nao unapanda. Birika la Japani la wati 1,000 kwenye volti 100, ukilitia 230, linataka kuvuta karibu wati 5,300. Lile la Marekani la wati 1,200 linakwenda kwenye 4,400. Mtu ataniambia kuna fyuzi. Birika lile la Japani litavuta kama ampea 23, na fyuzi ya ampea 13 inaweza kuvumilia mzigo huo kwa dakika kadhaa kabla haijakatika. Waya wa ndani wa birika hausubiri dakika kadhaa. Na waya mwembamba wa ekstensheni ya rahisi, ikiwa imepita chini ya zulia au nyuma ya godoro, ndio unaoniogopesha kuliko hilo birika.

Anayetaka kuuliza aulize, na ataje kilichoandikwa kwenye kibandiko.

---

Kijana_wa_Fuoni

Wa alaykum salaam. Fundi, uzi mzuri, ila mie nna televisheni ya Japani mwaka wa tatu huu, naichomeka kwenye ekstensheni na inawaka vizuri tu. Sijatumia transfoma wala nini. Hapo vipi?

---

Fundi_Mlandege

Kijana wangu, yako itakuwa na pawa, ile sehemu inayopokea umeme wa ukutani, inayokubali 100 hadi 240 kwa ndani. Viwanda vyengine hutengeneza pawa moja kwa soko lote la dunia, kisha hubadilisha kibandiko na waya tu. Vyengine hutengeneza ya Japani peke yake, na ndani yake utakuta kapasita kubwa ya mwanzo, kile kikopo cha kuhifadhi umeme, imeandikwa volti 200. Umeme wetu ukishageuzwa kuwa wa upande mmoja unafika zaidi ya volti 320. Kapasita ya 200 ikipokea 320 inavimba, inapasuka, na unasikia mlio. Kwa hiyo ya kwako imepona kwa jinsi ilivyotengenezwa, na jirani yako akiiga kwa televisheni nyengine anaweza kuipoteza hapo hapo. Soma kibandiko, kama kimeng'oka, mlete fundi afungue aisome kapasita ile.

La pembeni, maana najua litafuata: televisheni za Japani zinatumia mfumo wao wa matangazo ya dijitali, tofauti na huu wetu, kwa hiyo antena ukiitia moja kwa moja hutapata stesheni. King'amuzi kwa waya wa HDMI kinafanya kazi.

---

Mama_Cherehani

Fundi, nimeletewa cherehani ya Japani ya umeme, nzuri sana, inashona mpaka maua. Imeandikwa 100V 50/60Hz, wati 65. Mtoto wa duka kaniambia niibadilishe plagi tu. Nimeogopa nikaiacha. Je, niiuze?

---

Fundi_Mlandege

Usiiuze, mama! Na umefanya vyema kuogopa.

Hapa ndipo transfoma ya kushushia umeme inapofaa kweli kweli. Kifaa chako kinakula umeme mdogo, wati 65, na kimeandikwa 50 na 60 zote, maana yake Hz zetu hazikisumbui. Chukua transfoma ya kutoka 230 kwenda 100, ya wati 150 au 200. Usichukue ya wati 65 kamili, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya ile namba ya kwenye kibandiko, na transfoma inayofanya kazi kwenye ukomo wake inachemka mchana kutwa.

Ukiwa dukani muulize muuzaji: inatoa 100 au 110? Nyingi za madukani zimetengenezwa kwa vitu vya Marekani, zinatoa 110 au 120. Kwa chombo chako cha 100, ile ya 110 ni zidisho la sehemu moja kwa kumi. Cherehani yenye bodi ya elektroniki mara nyingi itastahimili 110, lakini 120 mie sikushauri. Na kwa vitu vya joto zidisho hilo dogo la volti ni zaidi ya moja ya tano kwenye moto, ndiyo maana wali wa kwenye sufuria la Kijapani kwenye transfoma ya 110 huungua chini.

Kisha iandike ile transfoma kwa kalamu ya rangi: CHEREHANI TU. Nyumba yenye watoto na wageni, mtu akiona tundu atachomeka pasi yake.

Ukimaliza kushona ichomoe ukutani. Transfoma inavuta umeme hata ikiwa haina mzigo, utaisikia inavuma, na yuniti zako za Tukuza, za umeme wa kulipia kabla, zinakwenda.

---

Mchukwani

Kwani si kuna zile kibadilishi ndogo za safari, nyepesi kama chaja, zimeandikwa wati 1600? Mgeni mmoja hapa Pemba aliiacha. Mbona mwasema transfoma zito la kubeba kwa mikono miwili?

---

Fundi_Mlandege

Sheikh wangu, swali la maana sana hilo.

Kile chepesi cha wati 1600 hakina transfoma ndani. Kina kisu cha elektroniki kinachoyakatakata mawimbi ya umeme ili moto wa jumla upungue. Kimetengenezwa kwa draya ya nywele na pasi ndogo ya safari, kwa dakika chache tu. Vilele vya umeme vinavyotoka pale bado vinaweza kuwa virefu kama vya 230. Ukitia kitu chenye bodi ya elektroniki, redio, chaja ya zamani, au mota yenye kompyuta ndani, unakiua huku umeamini kwamba umekilinda. Transfoma ya kweli ya wati 1500 ina chuma na shaba, lazima iwe nzito. Ukiuziwa ya wati 1500 inayobebwa kwa vidole viwili, basi hiyo si transfoma.

---

Mzanzibari_Toronto

Salaam kutoka baridini. Nakuja nyumbani In shaa Allah na nimeagizwa mikrowevu na blenda kubwa, za huku ni bei nzuri wakati wa punguzo. Kuna kontena linaondoka. Nichukue na transfoma juu yake?

---

Fundi_Mlandege

Karibu nyumbani ndugu yangu. Mikrowevu usilete, nakuomba.

Mikrowevu nyingi, zile zisizo na inveta (bodi ya elektroniki inayoubadilisha umeme), zina transfoma kubwa ndani iliyopimwa kwa Hz 60. Volti tunaweza kuzishusha, Hz hatuwezi. Transfoma yoyote ya madukani inatoa Hz zile zile zilizoingia. Transfoma iliyotengenezwa kwa 60 ukiiendesha kwa 50, chuma chake kinashiba sumaku, mkondo unapanda, inachemka na kuvuma. Saa ya kwenye ile mikrowevu nayo, kama inahesabu mawimbi ya umeme, itachelewa dakika kumi kwa kila saa. Na mikrowevu ya wati 1,000 za kupikia inavuta kama 1,500 ukutani, kwa hiyo ungehitaji transfoma ya wati 2,000 au zaidi. Ukijumlisha bei yake na nauli ya uzito, mikrowevu ya 230 imenunuliwa Darajani na pesa zimebaki.

Friji nalo ni hivyo hivyo, tena baya zaidi. Kompresa ya Hz 60 kwenye 50 inazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, haipozi inavyopaswa, inafanya kazi bila kupumzika.

Blenda isiyo na elektroniki nyingi ina mota ya makaa, haijali sana Hz, lakini ni ya wati nyingi na bado inataka transfoma nzito. Ukiwa unapitia Dubai nunua huko. Umeme wao unakwenda na wetu na plagi ni zile zile za kwetu.

Vya kuleta bila wasiwasi: simu, tableti, kompyuta mpakato, chaja za USB, saa za mkononi. Na kompyuta ya mezani ikiwa ina kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230, kisogezwe kwenye 230 kabla ya waya kuguswa. Wapokeaji wasiojua hukiacha kwenye 115, na pawa hupasuka kwa mlio wa bunduki.

---

Bint_Mkunazini

Na sisi tunaotoka? Namsindikiza mama Hijja mwaka huu. Amekwishafunga pasi yake ya wati 1,000 na birika. Alaykum salaam kwa wote.

---

Fundi_Mlandege

Allah awatakabalie nyote wawili.

Saudia ni Hz 60, na kwa miaka mingi majumba yao yalikuwa na volti 127 na 220 pamoja, kisha wakaanza kuhamia 230. Chumba kipya hakitawapa tabu: pasi na birika havijali Hz, kwa sababu ni waya wa joto tu. Kwenye jengo la zamani, tundu la 127 litaipa pasi ya mama karibu theluthi ya moto wake, kama wati 300. Haitaharibika, ila haitanyoosha kanzu. Kwenda na chombo cha joto cha volti kubwa kwenye umeme mdogo huleta uzembe wa kazi. Kinyume chake ndiko kwenye moto.

Vyumba vya mahujaji vimejaa watu na waya. Kama mnaweza, liacheni birika nyumbani.

---

MtokaMaskati

Naongeza kwa wenye nyumba za wageni Paje, Jambiani na Nungwi. Wageni wa Kimarekani huja na draya na pasi za nywele za volti 120, wanapewa adapta mapokezini, wanachomeka, swichi kuu inaruka au draya inawaka moto mkononi. Sisi tumeweka draya za 230 vyumbani na karatasi ndogo juu ya soketi yenye namba 230V 50Hz. Malalamiko yamepungua sana.

---

Fundi_Mlandege

Ahsante sana, hili ni la kuigwa. Mpokeaji wa wageni anayetoa adapta aulize kwanza: chombo gani unataka kuchomeka? Wakati mwengine draya za safari zina kiswichi kidogo cha 125 na 250, kinazungushwa kwa sarafu. Mgeni mwenyewe huenda hakijui.

Na wenye jenereta ndogo za mtumba za Kijapani, nanyi msome: nyingi hutoa volti 100. Ukiunganisha nyumba nzima, taa zitawaka hafifu na friji litakoroma bila kuanza hadi liungue.

---

Umm_Wete

Assalaam alaykum kaka fundi. Mwanangu ana pumu. Shangazi yake wa Marekani kamtumia ile mashine ya kuvutia dawa ya mvuke, imefika Wete jana. Nimeshasoma uzi wote ndio nikaigeuza. Imeandikwa INPUT 120V ~ 60Hz 1.5A. Transfoma naweza kuipata Chake. Nifanyeje?

---

Fundi_Mlandege

Wa alaykum salaam dada yangu. Mungu ampe shifaa mtoto. Nakushukuru kwa kuandika kibandiko chote, maana jawabu limo humo.

Ukutani usiichomeke kabisa. Hiyo 120 mara 1.5 ni wati 180, na ukiipa 230 mota yake itaungua.

Kwa transfoma ya wati 300 au 400 ya kutoa 120, itawaka. Lakini kwa chombo cha pumu mie sitosheki na kuwaka. Mashine hizi za kompresa nyingi mota yake inafuata Hz. Imepimwa kwa 60. Kwetu ni 50, kwa hiyo itapiga polepole, upepo utakuwa dhaifu na mota itachemka zaidi. Upepo ukiwa dhaifu dawa inachukua muda mrefu kwisha, na matone yake yanakuwa makubwa, hayafiki chini ya mapafu inavyotakiwa. Mtoto anaweza kuonekana anapata dawa huku sehemu kubwa inabaki kooni. Mwenye kubanwa na kifua usiku hana nafasi ya kujaribiwa.

Kwa hiyo mpigie shangazi yake leo, boksi likiwa bado zima. Kama duka linakubali kurudisha, amwambie muuzaji anataka iliyoandikwa 230V 50Hz, au zile ndogo zinazochajiwa kwa USB, au zinazotumia adapta ya "100-240V" ya kutoa volti 12. Hizo zitafanya kazi Wete sawasawa na huko, hata umeme ukikatika zile zenye betri hazizimi. Kabla ya kununua amtumie daktari wa mtoto picha ya aina yenyewe, kwa sababu si kila dawa inakwenda kwenye kila mashine.

Mpaka ipatikane, muulize daktari kuhusu kuvuta dawa kwa pampu yenye chupa ya kupumulia. Hiyo haitaki umeme.

---

Umm_Wete

Nimempigia. Risiti anayo, kesho anakwenda dukani. Boksi nimelifunga tena kwa gamu.